Dalili Tisa za Kibanda Kinachopika, Kutoka Tinde Hadi Katoro

Ukishuka basi Kahama au Geita saa nane mchana, anayekuongoza ni njaa, na njaa haina macho. Inakuingiza mlango wa kwanza unaonukia mafuta. Unakula chipsi zilizokaangwa tangu asubuhi, unapanda tena basi, kisha unafika Dar es Salaam unatangaza kwamba huku kwenye dhahabu hakuna chakula. Kauli hiyo inaniuma, na leo nimekuja kuijibu.

Nimepanga dalili tisa za kukufikisha kwenye sufuria ya maana, toka Tinde mpaka Katoro. Namba tisa ni dhaifu kuliko zote, namba moja ndiyo mama yao. Mpangilio huu nimeufikiria kwa uzito ule ule ambao watu wanautumia kupanga kikosi cha Taifa Stars wakiwa kijiweni, kwa hiyo najua nusu yenu mtabisha. Bisheni, ila mle kwanza.

9. Bango lenye picha ya kuku

Waliotembea Roma au Barcelona wana sheria moja. Mgahawa uliotazamana na kanisa kubwa la kale, wenye menyu ya picha na kijana mlangoni anayekuita kwa lugha sita, upite kama hukuuona. Sheria hiyo imesafiri salama mpaka kwetu. Weka stendi mahali pa kanisa, na mpiga debe aliyekwisha kushika begi lako mahali pa yule kijana.

Kuku wa kwenye bango anang'aa, amelazwa kwenye majani mabichi, na nyuma yake kuna bahari. Bahari, Kahama! Wa kwenye sahani utamtambua kwa shida, kwa maana hawajawahi kukutana.

Stendi yenyewe siitukani yote. Yai la kuchemsha, karanga na hindi la kuchoma havijawahi kumdanganya abiria, kwa sababu unaviona vilivyo kabla hujatoa hela.

Hukumu: picha ikiwa nzuri kuliko harufu, geuka.

8. Dada wa mapokezi wa gesti

Mtu mwema, mkarimu, na hali nje. Amekuja kazini na hotipoti kutoka nyumbani. Ukimuuliza pa kula atakutajia sehemu yenye feni na viti vipya, maana anataka urudi salama, mambo ya kushiba ni yako. Badala yake muulize mle kwenye hotipoti kuna nini, na aliyepika ni nani.

Hukumu: ile hotipoti ndiyo mgahawa bora wa jengo zima, na hauuzwi.

7. Bodaboda

Swali baya ni hili: "Kaka, wapi kuna chakula kizuri?" Ukiuliza hivyo anakuangalia viatu, anapiga hesabu, anakupeleka kwenye hoteli yenye maegesho. Swali zuri ni hili: "Kaka, wewe leo umekula wapi?" Hapo anacheka, maana hakutegemea, na anakupitisha nyuma ya gereji hadi kwenye turubai la bluu ambalo usingeliona hata ungekaa mji ule mwezi.

Bodaboda anakula kwa hesabu ya tripu. Kila shilingi ya sahani ameitoa barabarani juani, hivyo hatarudi mahali alipopunjwa. Tatizo lake ni kwamba kipimo chake ni mlima. Wali ukivuka ukingo wa sahani na maharage yakashuka pande zote, kwake mashindano yamekwisha. Kama chumvi imezidi, anasema ni ya kukata kiu.

Hukumu: kwa wingi mwamini kabisa, kwa ladha mpe nusu.

6. Malori yaliyoegeshwa

Kabla hujacheka, kumbuka kwamba kitabu cha migahawa kinachoogopwa kuliko vyote duniani, kile cha nyota za Michelin, kilianzishwa mwaka 1900 na kampuni ya matairi ya Ufaransa. Walitaka wenye magari wasafiri mbali ili matairi yaishe haraka. Nyota zenyewe zilianza kutolewa mwaka 1926. Kwa msingi huo dereva wa lori pale Isaka ndiye mrithi halali wa kazi ile. Ana matairi mengi kuliko Mfaransa yeyote, na kabla hajafika kwako amekwisha kuonja Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega.

Isaka mizigo inateremshwa kutoka reli ya kati na kupanda malori ya Rwanda na Burundi. Tinde barabara inagawanyika, huku Shinyanga na Mwanza, kule Kahama hadi Rusumo. Watu wanaopita sehemu hizo wamelinganisha wapishi wa nchi tatu kwa wiki moja, na hawana muda wa kumstahi mpishi.

Ila hesabu vizuri. Lori likiwa moja, huenda limeharibika. Yakiwa matatu, huenda pana fundi wa pancha. Yakifika saba na madereva wanakula bila kusema neno, shuka haraka. Agiza ndizi nyama, na usiulize menyu, utawachelewesha.

Hukumu: achana na nyota, hesabu matairi.

5. Maji ya kunawa

Kabla ya sahani, tazama jagi. Mahali penye kujali, binti anakuja na jagi na beseni, maji yana uvuguvugu, anamimina taratibu mpaka useme basi. Mahali pasipojali unaonyeshwa kwa kidevu ndoo iliyo kule nyuma, na sabuni imebaki ukubwa wa kucha. Mtu anayepasha maji ya mikono yako hatakuletea ugali uliopoa.

Hukumu: maji ya moto, kaa. Ya baridi, kunywa soda uende.

4. Umbali kutoka ziwani

Hapa nitagombana na watu wa Shinyanga mjini, nao ni ndugu zangu. Kutoka Mwanza hadi Shinyanga ni kilomita 160 hivi. Sato akifika huko ni msafiri, ana uchovu wa safari machoni. Sato wa Geita amehama mtaa tu. Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi: Shinyanga kula kilichokuwa na miguu, Geita kula kilichokuwa na mapezi.

Sato aletwe mzima, na kichwa chake. Jicho liwe limejaa, nyama iachane na mwiba bila ugomvi. Kichwa kikikosekana, jua kuna ushahidi unafichwa. Na mchuzi wake usiwe mwekundu kama rangi ya ukuta. Nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili mbuzi vinamtosha samaki aliyelala ziwani jana.

Sangara ana habari yake. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawala samaki wenyeji, na leo minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya. Ndiyo maana Mtanzania aliyeko Ulaya akiagiza samaki kwa bei ya kutisha, huenda akaletewa jirani yake wa Nkome. Huku utampata amekaangwa vipande, na kichwa chake kinatengenezewa supu ambayo Mzungu hajaletewa kwa sababu kichwa kilibaki nyumbani. Kwenye biashara hii, sisi ndio tuliobaki na kitamu.

Na dagaa? Mashabiki wa dagaa wa Kigoma, tulieni. Nawasikia toka hapa. Dagaa wa kwetu wana uchungu kidogo, na uchungu huo ukikutana na nyanya chungu na ugali wa muhogo unakuwa na adabu kuliko utamu wenu.

Kisha kuna msiba mdogo ambao lazima tuuzungumze. Mgahawa mkubwa kuliko yote ya njia ya Mwanza na Geita ulikuwa foleni ya pantoni pale Kigongo na Busisi. Samaki wa kukaanga kwenye ungo, mihogo, mayai, chai ya chupa, yote yalikujia dirishani ukiwa umekaa. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, kilomita 3 hivi juu ya maji, na foleni ikafa. Nalisifu daraja hilo kwa moyo wote, maana mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando hasubiri tena pantoni. Ila sasa kusimama kula pale ni hiari yako, na wengi wanapita wamefunga vioo.

Hukumu: shusha kioo. Ukivuka bila kununua hata muhogo, umevuka kimasikini.

3. Fimbo za mnadani

Shinyanga ni nchi ya ng'ombe, na siku ya mnada ndiyo siku ya kula. Nyama unaichagua ikiwa imening'inia, inapimwa kwenye mizani mbele ya macho yako, inakwenda jikoni ikiwa na jina lako. Inarudi imekatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili pembeni, ugali wa moto na kachumbari. Menyu hakuna, kwa kuwa menyu yenyewe iko nyuma ya uzio inapiga kelele.

Dodoma wana mnada wao wa Msalato wa Jumamosi na wanavimba. Arusha wanavimba hata siku ambazo hakuna mnada. Nawaheshimu wote, lakini ng'ombe wa Msukuma ametembea. Amekwenda malishoni, amekwenda lambo, amerudi, kesho tena. Nyama yake inalitaka jino lifanye kazi, kisha inalilipa. Anayetaka nyama laini inayoyeyuka mdomoni anunue papai.

Mnadani mabanda yako kumi na tano na yote yanatoa moshi, sasa unachaguaje? Usifuate moshi. Fuata wazee wenye kofia za pama na fimbo mkononi. Mzee wa namna hiyo ameuza madume mawili asubuhi, ana fedha za kula banda lolote analotaka, na amejua nyama kabla wewe hujaota meno. Fimbo zikiwa zimeegemezwa nguzo moja, sita au saba pamoja, kilo yako ipeleke hapo.

Hukumu: mabingwa wa kuonja nyama wapo, na vyeti vyao wameviegemeza nguzoni.

Nje ya mashindano: chakula kinachojificha

Nasimamisha hesabu kidogo, kwa sababu kuna vyakula haviwezi kupewa namba. Huvikuti kwenye ubao wa hoteli, na wenyeji wanaona aibu kumpa mgeni, wakidhani mgeni anataka chipsi. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa ni vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Usivichanganye mbele ya bibi yeyote wa Shinyanga, utapoteza heshima hapo hapo. Matobolwa unatafuna njiani kama halua isiyo na sukari ya kuongezwa. Michembe unaichemsha, unaila na karanga na maziwa ya mgando, na mpaka jioni huna habari na mtu. Kisha kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yakiungwa kwa karanga na kuliwa na ugali wa mtama. Na wali! Mpunga unalimwa kwenye majaruba ya huku huku, mchele wa Kahama unasifiwa hadi Dar es Salaam, halafu mgeni anakaa katikati yake anaagiza chipsi zege.

Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aliipata almasi ya Mwadui baada ya kuitafuta miaka mingi. Hazina hii ninayokutajia imeanikwa juani mbele ya nyumba, na unaipita ukiwa umevaa miwani.

Namna ya kuipata ni moja. Nenda sokoni asubuhi, msogelee mama mwenye ungo, umwamkie kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Umwambie kwa heshima, usikimbie maneno. Atashangaa, atacheka, atakuuliza umejifunzia wapi, na kabla hujamaliza kujibu utakuwa umeonjeshwa vitu vitatu. Ukimaliza shukuru, sema "wabeja." Maneno matatu tu, na umekwisha kula vizuri kuliko aliyekaa hotelini na menyu ya kurasa nane.

Tunaendelea.

2. Sufuria inayoisha

Ukanda huu unaishi kwa saa za mgodi. Geita Gold Mine ilianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na migodi mikubwa hailali. Zamu moja ikiingia, nyingine inatoka. Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa wachimbaji wadogo wana ratiba yao, na alfajiri utawaona wametoka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, vumbi mpaka kwenye kope, wanaelekea upande mmoja bila kuambizana. Wafuate.

Wanakwenda kwenye supu. Makongoro yamechemka usiku kucha mpaka mfupa umekata tamaa. Utumbo umesafishwa na mtu mwenye subira. Kuna ndimu, kuna pilipili ya kusaga, na kuna chapati ya kusukuma, jina ambalo Wasukuma hawakuliomba ila wanalitendea haki. Saa kumi na mbili asubuhi benchi limejaa. Saa mbili mama anakwangua. Saa tatu sufuria imepinduliwa juani na mama anahesabu hela.

Hiyo ndiyo dalili. Mpishi mzuri hupika kinachoisha. Ubao wenye vyakula ishirini unakuambia kwamba kumi na tano kati yake vilipikwa kwa matumaini. Mama mwenye vitu viwili tu, anayekujibu "supu imekwisha, njoo kesho mapema," huyo amekupa heshima kubwa kuliko aliyekuongezea maji.

Najua watu wa kulala watalalamika kwamba dalili hii inawanyima haki. Ni kweli inawanyima.

Hukumu: ukifika saa nne ukakuta supu imejaa, jiulize ilikuwa inamsubiri nani.

1. Daftari la mama ntilie

Ushindi ni wa daftari. Lile la kurasa 96, jalada limeng'oka, kalamu imefungwa kwa uzi, linakaa juu ya hotipoti au chini ya kanga ya mama. Ndani kuna majina ya utani na tarakimu: wali nyama, wali nyama, ugali dagaa, soda, wali nyama.

Sikiliza kwa nini linazishinda dalili zote. Kazi ya uchimbaji mdogo haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwenye maduara mengi mwenye duara ndiye anayebeba gharama za chakula na vifaa, na mawe yakipatikana wanagawana viroba. Lakini mwamba una kiburi. Unaweza kupita mwezi watu wanatoa udongo mtupu, fedha ya mwenye duara inakata, na tumbo la mchimbaji halijui kwamba fedha imekata. Hapo ndipo mama ntilie anapofungua daftari. Mali kauli: kula leo, utalipa duara likitoa.

Sasa fikiria mambo yanayofuata. Duara linatoa. Kijana anapata pointi zake chache za dhahabu, na pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu, si kitu cha kujengea ghorofa. Anaziuza. Siku hizi Geita lipo soko la madini, lilifunguliwa Machi 2019, na bei inajulikana. Ana fedha mfukoni, ana mji mzima mbele yake, kuna hoteli zenye viyoyozi, kuna kuku wa kwenye bango. Hakuna askari anayemlazimisha kurudi kwa mama. Angeweza hata kuhamia machimbo mapya, maana habari ya rashi ikisikika watu wanaondoka usiku kwa usiku. Lakini anarudi, analipa, jina lake linapigwa mstari, na akishalipa anakaa kwenye benchi lile lile na kuagiza tena. Mara hii kwa fedha taslimu, na nyama mara mbili.

Nionyeshe mgahawa wa Paris wenye sifa iliyothibitishwa namna hiyo. Mtalii anaandika maoni akiwa ameshiba siku moja. Mchimbaji ameandika kwa miezi, kwa tumbo lake, akiwa hana kitu, kisha akasaini kwa dhahabu.

Kuliona daftari si kazi ngumu. Nenda Katoro, mji ambao umeungana na Buseresere kiasi kwamba unaweza kuagiza chakula wilaya ya Geita na kwenda kununua kijiti cha meno wilaya ya Chato. Zungukia nyuma ya maduka saa saba mchana. Kaa benchi la mwisho, agiza anachokula jirani, na utazame watu wanapoondoka. Wakiondoka bila kutoa hela na mama akaandika huku anatabasamu, umefika. Akiandika huku amenuna, subiri wiki mbili uone kama wanarudi.

Ila wewe mgeni, usiguse daftari hilo. Wewe lipa taslimu, lipa yote, na usiombe kupunguziwa kwenye sahani ambayo bei yake ni ndogo kuliko maji ya chupa ya uwanja wa ndege. Mama huyu anaendesha benki isiyo na dirisha la vioo. Nyama ameinunua kwa fedha, mkaa kwa fedha, mchele kwa fedha, na ameuza kwa ahadi. Shilingi yako ya leo ndiyo inayomlisha kijana ambaye duara lake bado linatoa udongo.

Hukumu: mshindi, na hakuna rufaa.

Wanaobisha, karibuni. Anayesema malori yapande juu ya mnada, aje na hoja. Anayesema nimewaonea watu wa Shinyanga kwenye samaki, anialike, nitakuja na ndimu. Ila mje na mambo matatu: jina la kibanda, barabara kilipo, na saa sufuria inapoisha. Na kama jina lako limo kwenye daftari la mama mmoja pale Katoro au Nyarugusu, na duara lako limeshatoa, kalipe leo. Sufuria ya kesho anaibandika usiku huu.